Pato la Taifa Halikamuliwi

Jumapili iliyopita, mhubiri mgeni aliyezuru Lodwar alitutangazia, kwa sauti iliyowarusha ndege wa mgungani, kwamba Kenya si nchi ya mafukara tena, madhali pato la taifa hupanda mwaka hata mwaka, na kwamba mwenye njaa katikati ya neema hiyo hana budi auchunguze uvivu wake. Mbele yangu mzee mmoja, aliyeketi juu ya ekicholong, kigoda ambacho Mturkana hulalia kama mto, aliitikia Amina. Nami ghadhabu iliyonishika haijanitoka.

Itikadi hii, kwamba hesabu ya taifa ikinenepa raia naye hunenepa, ni batili. Septemba 2014 watakwimu wa serikali walibadili mwaka wa msingi kutoka 2001 kuwa 2009, na pato la 2013 likaongezeka robo nzima pasipo mbuzi hata mmoja kuzaa; ikasemwa tumefika daraja ya kipato cha kati, ilhali uchunguzi wa serikali iyo hiyo wa 2015/16 ulikuta mafukara 79 katika kila watu 100 wa Turkana.

Sababu iko zizini. Mbuzi akikamuliwa alfajiri watoto wakanywa, maziwa yale hayapiti sokoni, na kwa mwenye daftari ni makadirio tu. Ukija ukame mbuzi akafa, hukodiwa lori la mahindi ya msaada, na ujira wa dereva pamoja na kodi ya ghala huandikwa kuwa ni pato. Msiba wa mfugaji umekuwa ongezeko! Simon Kuznets, aliyewatungia Wamarekani hesabu hii, aliwaonya mwaka 1934 kwamba hali njema ya watu haisomeki humo. Wahubiri wetu hawajapata habari.

Juzi huko Kakuma, kando ya mto Tarach, nilimwona mama wa Kiturkana akibadilisha gunia la makaa kwa mahindi ya mgao wa mkimbizi, yaliyopimwa kwa kopo la samli lililobonyea, wala hapakuwa na noti wala risiti baina yao. Na mafuta ya Lokichar, yaliyovumbuliwa 2012, yakapakiwa melini Mombasa Agosti 2019 kwa hotuba na vigelegele, yamemwachia nini mama huyu? Vumbi la malori.

Kijana mmoja alinijibu ati kila mchungaji sasa ana simu, basi ufukara umekwisha. Lahaula! Mtoto hunyweshwa simu? Na mwenye simu hiyo hutembea nusu siku kutafuta pa kuichaji, tena kwa malipo.

Baada ya ibada, mzee yule alinieleza, bila ya kuulizwa, mbuzi waliomsalia: alivinyoosha vidole vya mkono mmoja, akavitazama, kisha akakikunja kimoja, kwani mmoja alikuwa amekufa asubuhi ile.