Msikubali Diski Ifutwe

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba ya chai,

Siku hizi kilo zetu za majani mabichi, michango ya chama na malalamiko ya wenzetu vyote vinalala ndani ya kompyuta. Kompyuta ya tawi ikikataa kuamka, jambo hilo si la fundi peke yake. Ni la kila mwanachama, hata yule ambaye hajawahi kuigusa.

Hapa Gisenyi kompyuta ya tawi letu iliungua madabodi, yaani lile bamba kubwa ambalo vifaa vyote hushikana nalo, baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu. Ikanunuliwa nyingine iliyokwisha kutumika. Ilipofungwa, feni zilizunguka lakini kioo kikabaki cheusi. Fundi akatamka: diski imeharibika, tuifute tuanze upya. Tulikataa, na tunataka kila tawi lijue kwa nini.

Kioo kikiwa cheusi kabisa, diski huwa mara chache ndiyo yenye kosa. Kompyuta huanza na prosesa na memori. Hata diski ikitolewa nje, kwa kawaida maandishi huonekana. Basi tulidai umeme uchomolewe, waya zitazamwe mmoja mmoja. Ule mkubwa wa umeme ulikuwa mahali pake. Ule mdogo wa prosesa, wenye matundu 4 au 8, ulikuwa unaning'inia! Bila huo feni huzunguka na kumdanganya mtu, lakini kazi haianzi. Kama ungekuwa umeshika, tungetoa memori na kuzirudisha moja moja.

Kioo kikawaka, kikasema hakuna diski ya kuanzia. Hapo ndipo wengi hukubali kufuta. Sisi tuliingia katika BIOS, yaani mipangilio ya madabodi yenyewe, tukaikuta diski imeandikwa jina lake. Kumbe Windows yetu iliwekwa kwa njia ya zamani iitwayo Legacy, na madabodi hii ilipangwa kwa njia mpya ya UEFI. Mpangilio mmoja ukabadilishwa, orodha zote zikarudi. Kwingine ugomvi huwa ni wa mpango wa diski, AHCI au RAID. Nao hurudishwa ulivyokuwa. Madabodi nyingi za karibuni hazina tena Legacy. Hapo diski ifungwe kwenye kompyuta nyingine, kila kitu kinakiliwe, ndipo habari ya kufuta izungumzwe.

Tusimwonee fundi. Kufuta kunalipwa, kutafuta waya uliolegea hakulipwi. Basi matawi yalipe kazi ya kutafuta.

Iko hatari moja ambayo fundi hodari pia hawezi kuiondoa. Kompyuta nyingine hufunga diski kwa kufuli iitwayo BitLocker, na kufuli hiyo hutegemea chipu ya usalama ya kompyuta ile ile. Madabodi ikibadilishwa, mashine hudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiyekuwa nao hafungui. Makatibu wauandike kwenye karatasi leo, na karatasi ikae pamoja na muhuri wa tawi.

Jambo hili linatuhusu mbele ya mwajiri pia. Karani akisema kilo za mwezi zimepotea kwa sababu kompyuta imebadilishwa madabodi, tusiondoke dirishani. Madabodi haiweki kilo zetu. Zinawekwa na diski. Tuulize diski iko wapi, nani aliifuta, kwa amri ya nani. Na kadi ya kilo iwe mfukoni tunapouliza.

Wako wenzetu walioshtuka Windows ilipodai leseni upya baada ya matengenezo. Huo si ugonjwa mwingine. Leseni nyingi hufungamana na madabodi, hivyo ikibadilishwa Windows huiona kompyuta kuwa ngeni. Orodha zinafunguka, na michango inaendelea kuandikwa wakati leseni inashughulikiwa.