Mashine na Makarani wa Kodi

Huenda unaye mtoto au mpwa aliyehamia Marekani. Basi umwulize: hesabu zake za kodi anaandikiwa na nani?

Huko kila mwaka watu hujaza fomu kuieleza serikali mapato yao. Aliyekatwa kodi kupita kiasi hurudishiwa, na wazazi wenye mapato madogo huongezewa fedha kwa ajili ya watoto. Fomu hizo ni ngumu, kwa hiyo wengi humlipa karani awaandikie. Kinyozi huko hutakiwa leseni. Karani wa kodi, isipokuwa katika majimbo machache, hutakiwa namba tu, naye huipata bila mtihani.

Mwaka 2011 serikali ilitaka kuwapa mtihani. Makarani watatu wakaishtaki, na mwaka 2014 mahakama ya rufani ikasema haina uwezo huo. Sheria iliyoshikiliwa na serikali ilikuwa ya mwaka 1884, iliyotungwa kwa sababu ya mawakala wa watu waliodai fidia za farasi waliopotea vitani! Mwaka huohuo wa 2014 wakaguzi wa bunge walijifanya wateja wakaenda kwa makarani 19. Kati yao, 17 walikosea kiasi cha kurudishiwa.

Ndiyo maana wako wanaotaka ulinzi wa akili mnemba, yaani kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano mingi. Mimi naona yaweza kufaa. Afisa asomaye fomu moja moja haoni kitu. Mashine huzikusanya zote zenye namba ya karani mmoja. Tuseme ana wateja 300, na karibu wote wameandikiwa biashara yenye hasara ileile: hapo pananuka. Na mjanja asiyetia sahihi wala namba? Huyo anaweza kunaswa pale fedha za watu wengi zinapoingia katika akaunti moja ya benki.

Lakini shika neno hili. Mbele ya sheria anayewajibika kwa fomu ni mwenyewe, hata kama hakujua karani ameandika nini. Karani amekwisha kupokea ujira wake na kutoweka. Barua ya deni inamfikia mama mwenye watoto. Mashine ikimwandama yeye, inamwumiza aliyeibiwa. Si hofu ya bure. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walionyesha kwamba Wamarekani Weusi walikuwa wakikaguliwa mara 2.9 hadi 4.7 kuliko wengine, ingawa mashine haikuambiwa rangi ya mtu. Ilipangwa kutafuta makosa katika msaada ule wa wazazi maskini kuliko kodi kubwa zinazofichwa. Idara ya kodi ikakiri tatizo hilo.

Basi mashine imwonyeshe afisa mlango wa karani, na afisa aende akabishe mwenyewe. Kwa sasa mwandikie mwanao: karani atie sahihi na namba yake mbele ya macho yake, ampe nakala, na fedha zisipitie akaunti ya karani.