Mwanachuo wa lishe kukaa kiwandani mwaka mzima: Ni kupoteza muda?



Ndugu msomaji, baadhi ya familia zetu zina vijana wanaosomea shahada ya lishe. Wengine wako hapa nchini na wengine wako Uingereza, ambako wapo ndugu zetu wengi waliohamia. Hawa wa Uingereza huwapelekea wazazi ombi linalowashitua: wanataka kutoka darasani mwaka mmoja wakafanye kazi kwenye kampuni ya chakula. Baba huuliza, "Nimekusomesha uwe mtaalamu au uwe kibarua wa kiwanda cha biskuti?" Mama naye ana hofu juu ya sala za binti yake na vyakula atakavyotakiwa kuvionja huko.

Hofu zote mbili zina msingi. Hata hivyo, maoni ya safu hii ni kuwa mwaka huo, ukichaguliwa kwa makini, una manufaa kwa kijana, kwa familia yake na kwa Waislamu kwa jumla.

Mwaka wenyewe ni upi?

Shahada ya lishe nchini England kwa kawaida ni ya miaka 3. Vyuo vingi humpa mwanafunzi hiari ya kuifanya iwe ya miaka 4: anasoma miaka 2, anafanya kazi mwaka wa 3, kisha anarudi kumalizia. Wenyewe huita "sandwichi", kwa sababu kazi imewekwa kati ya vipande viwili vya masomo. Tusichanganye jambo hili na mafunzo ya hospitalini ya wale wanaosomea lishe ya wagonjwa. Hayo ni ya lazima.

Kwa mwanafunzi anayehesabiwa kuwa wa nchini humo, ada ya mwaka huo haizidi asilimia 20 ya kiwango cha juu cha ada. Lakini mzazi aulize habari ya malipo. Zipo nafasi zenye mshahara na zipo za bure, na sheria ya kima cha chini cha mshahara haimlindi mwanafunzi ambaye kazi hiyo ni sehemu ya masomo yake na haizidi mwaka mmoja. Mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini.

Anachojifunza

Darasani kijana hufundishwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu ya wanga au protini ina kalori 4. Kiwandani huambiwa: punguza sukari kwenye biskuti hii, na mteja asiikimbie. Hapo ndipo hugundua kuwa sukari haileti utamu tu, bali pia huipa biskuti rangi na ukavu. Uingereza ilipoanza kutoza kodi ya vinywaji baridi vya sukari Aprili 2018, kodi hiyo iliwahusu wenye kutengeneza vinywaji vyenye gramu 5 au zaidi kwa mililita 100. Kampuni nyingi zilipunguza sukari hata kabla ya siku hiyo. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa maabara na wa lishe waliokuwa ndani ya viwanda.

La pili ni usafi. Kiwandani pete na bangili huvuliwa, ndevu hufunikwa kwa wavu, na mikono huoshwa kila mtu anapoingia. Kila hatua ya uzalishaji hukaguliwa na kuulizwa: hatari inaweza kuingilia wapi, na itazuiwaje? Utaratibu huu ulibuniwa Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya chakula cha wanaanga. Sisi ambao dini yetu imeifanya twahara kuwa sharti la sala tusione tabu kuuleta kwenye mashine zetu za kusaga na majiko ya shule zetu. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haionekani kwa macho na haiishi kwa kupika. Huzuiwa kwa kukausha, kuchambua na kuhifadhi vizuri.

Halali na tayib

Qur'an (Al-Baqara: 168) inatuita kula kilicho halali na kizuri. Sasa tujiulize, ni wangapi kati yetu wanaweza kusoma pakiti na kujua kilichomo? Jelatini ya peremende na ya vidonge vya vitamini inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. E471 inaweza kutokana na mafuta ya mimea au ya mnyama. Rangi ya E120 hutokana na wadudu, na wanazuoni wamehitilafiana juu yake. Pakiti haisemi yote. Anayejua ni yule aliyeziona karatasi za muuzaji wa malighafi. Tukiwazuia vijana wetu wasiingie viwandani, tutaendelea kuwauliza wengine kuhusu chakula chetu wenyewe.

Tahadhari

Kiwanda kipo ili kiuze. Kijana asirudi amekuwa mpiga debe. Akipangiwa kazi ya maziwa ya kopo ya watoto, aijue Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 inayozuia kuyatangaza kwa umma, na akumbuke kuwa Qur'an (Al-Baqara: 233) imetaja miaka miwili ya kunyonyesha. Kabla ya kukubali nafasi, aulize wazi: Nitaruhusiwa kuswali kwa wakati? Hijabu itavaliwaje chini ya kofia ya kiwanda? Nitalazimika kuonja nyama au vyenye pombe? Mwajiri mwema hujibu bila kukasirika. Asiyejibu aachwe, atafutwe mwingine. Binti naye apatiwe makazi yenye stara, karibu na jamaa au msikiti.

Ombi kwa wafanyabiashara wetu

Hapa kwetu, mafunzo kwa vitendo katika vyuo vingi huhesabiwa kwa wiki. Tangu 2011 tuna kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga na mafuta ya kula, lakini unga mwingi wa mahindi husagwa kwenye mashine ndogo za mitaani ambazo kanuni hizo ni vigumu kuzifikia. Foliki ikikosekana katika chakula cha mama, mtoto huwa katika hatari zaidi ya kuzaliwa na mgongo wazi.

Waislamu wenye mashine za kusaga, maduka ya mikate na viwanda vya juisi wamo mijini kote. Tunawaomba wafungue milango: mchukueni mwanafunzi mmoja wa lishe, mpeni nauli na posho, na mkae naye miezi kadhaa badala ya wiki. Atawapangia usafi, atawaandikia lebo ya kweli, naye ataondoka na ujuzi. Ndugu mzazi, mwanao akikuletea ombi hilo, usimkatalie kabla ya kuuliza. Kaa naye, someni mkataba pamoja, kisha muswali istikhara.

Wabillahi tawfiq.