Nani atahesabu kura? Funzo la miaka 45 ya katibu mmoja wa New Hampshire



Kila mara uchaguzi unapokaribia katika nchi yetu, watu sokoni na kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada huuliza maswali mawili. La kwanza ni: nani anagombea? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, na ndilo lenye uzito zaidi: nani atahesabu? Tumejifunza kwa uchungu kwamba mtu anaweza kuamka saa kumi usiku, akapanga mstari kwenye jua au mvua, akapiga kura yake kwa dhamiri safi, kisha matokeo yakatangazwa naye asijue yametoka wapi.

Kwa sababu hiyo tunataka leo kuangalia kazi ya mtu mmoja wa mbali, Bill Gardner, aliyesimamia uchaguzi katika jimbo la New Hampshire, Marekani, kuanzia Desemba 1976 hadi Januari 2022. Hiyo ni miaka 45. Tunamleta mbele yenu na mema yake na makosa yake, kwa sababu katika yote mawili kuna jambo la kutufaa sisi.

Kwanza tuelewe cheo chake. Tukisikia redioni habari za Katibu wa Dola wa Marekani, tunamfikiria waziri wa mambo ya nje. Lakini kila jimbo la Marekani lina serikali yake, na majimbo mengi yana katibu wake. Katibu wa jimbo hutunza vitabu na hati za serikali, huandikisha kampuni, na katika majimbo mengi yeye ndiye mkuu wa uchaguzi. Kule hakuna tume moja ya taifa kama CENI yetu inayoendesha upigaji kura nchi nzima. Kila jimbo huendesha uchaguzi wake, hata ule wa rais.

Gardner alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Manchester, New Hampshire. Aliingia bunge la jimbo akiwa kijana, baada ya uchaguzi wa 1972. Alikuwa bado mbunge pale jimbo lake lilipopata mtihani mkubwa. Mwaka 1974 watu wawili, Louis Wyman na John Durkin, waligombea kiti cha seneta. Hesabu ya kwanza ilimpa Wyman ushindi wa kura 355. Kura zikahesabiwa tena, na Durkin akawa mbele kwa kura 10. Malalamiko yakapelekwa kwenye tume ya jimbo inayohusika na karatasi za kura, nayo ikasema Wyman ameshinda kwa kura 2. Seneti ya taifa ilibishana kwa miezi bila kupata njia. Mwishowe kiti kilitangazwa kuwa wazi, na mnamo Septemba 1975 wakaaji wa jimbo walirudi kupiga kura upya. Durkin alishinda, safari hii kwa tofauti kubwa isiyo na ubishi.

Tukio hilo liliwafundisha wakaaji wa New Hampshire kwamba kura mbili zinaweza kuamua nani atawakilisha jimbo zima, na kwamba karatasi ya kila mtu lazima itunzwe mpaka ubishi uishe. Mwaka uliofuata, Gardner akiwa na miaka 28, bunge lilimchagua kuwa katibu wa jimbo.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Katiba ya New Hampshire haiwapi wananchi wote kazi ya kumchagua katibu huyo. Anachaguliwa na wabunge 400 na maseneta 24 wakikutana pamoja, kwa kura ya siri, kila baada ya miaka miwili. Wabunge hao si matajiri wa siasa. Mshahara wao ni dola 100 kwa mwaka. Gardner ni mtu wa chama cha Democratic, lakini kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo bunge lilikuwa mikononi mwa chama cha Republican, na bado walimrudisha. Kuanzia 1976 hadi 2020 alichaguliwa mara 23. Miaka 45 yake haikuwa zawadi aliyopewa mara moja akakaa nayo. Kila baada ya miaka miwili alilazimika kusimama mbele ya watu 424, wengi wao wakiwa wapinzani wa chama chake, naye hakujua wataandika nini kwenye karatasi.

Nje ya jimbo lake alijulikana kwa sababu ya tarehe. Tangu 1920 New Hampshire ndilo jimbo linalofungua uchaguzi wa awali, ambamo vyama huanza kuchuja wagombea wao wa urais. Sheria ya jimbo ilimpa katibu mamlaka ya kupanga siku, ili jimbo lingine lenye uchaguzi wa namna hiyo lisiwatangulie. Mwaka 2011, Nevada ilipotaka mkutano wake wa kuchagua uwe karibu mno na siku yao, Gardner alisema yuko tayari kusogeza uchaguzi hadi Desemba. Nevada ikarudi nyuma hadi Februari. Anayetaka kugombea urais hujaza fomu na kulipa dola 1000, na wengi wamefika wenyewe katika ofisi ya katibu mjini Concord. Mkubwa na asiyejulikana hujaza fomu ileile.

Lakini jambo lililomjengea heshima ni kurudia hesabu. New Hampshire inapiga kura kwa karatasi. Katika miji mingi mashine husoma karatasi hizo, na katika vijiji vidogo watu huzihesabu kwa mkono. Mgombea aliyeshindwa kwa kura chache akiomba, masanduku huletwa na karatasi huhesabiwa kwa mkono hadharani, watu wa pande zote wakiangalia na wakiwa na haki ya kupinga karatasi moja moja.

Mwaka 2020 utaratibu huo ulifichua kosa. Katika mji wa Windham, mgombea mmoja wa ubunge alikuwa ameshindwa kwa kura 24, akaomba hesabu irudiwe. Karatasi zilipohesabiwa kwa mkono, yeye alipungukiwa na kura 99, na wagombea wanne wa Republican kila mmoja akaongezewa kura karibu 300. Watu walishtuka, na wengine wakaanza kusema wizi. Bunge lilitunga sheria ya kuagiza uchunguzi, na mnamo Mei 2021 wataalamu walifungua masanduku tena. Waligundua kwamba karatasi nyingi za wale waliopiga kura bila kufika kituoni zilikuwa zimekunjwa, na mkunjo ulipita juu ya nafasi ya jina la mgombea. Mashine ilisoma mkunjo kana kwamba ni alama ya kalamu. Hesabu ya mkono ndiyo ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la kweli, na lilijulikana kwa sababu karatasi zilikuwepo na mlango wa kuzihesabu tena ulikuwa wazi.

Hata hivyo tusimfanye Gardner kuwa malaika. Mwaka 2017 alikubali kuingia katika tume iliyoundwa na Rais Donald Trump kuchunguza udanganyifu wa kura. Makamu mwenyekiti wake, Kris Kobach, aliandika kwamba huenda watu wa nje ya jimbo ndio walioamua kiti cha seneta cha New Hampshire mwaka 2016. Gardner alimpinga mbele ya watu na kutetea matokeo ya jimbo lake, lakini wenzake wengi wa Democratic walimlaumu kwa kukaa katika meza hiyo. Tume ilivunjwa Januari 2018. Pia aliunga mkono sheria ya 2017 iliyoongeza masharti kwa wanaojiandikisha karibu na siku ya kura. Mwaka 2021 mahakama kuu ya jimbo iliifuta kwa kuwa ilivunja katiba. Na wapo waliosema ofisi imekuwa nyumba ya mtu mmoja, isiyotaka mambo mapya.

Malalamiko hayo yalifika kwenye sanduku tarehe 5 Desemba 2018. Democratic walikuwa wamepata wingi bungeni, na wengi wao walimtaka Colin Van Ostern. Katika duru ya kwanza hakuna aliyefikisha nusu iliyohitajika. Katika duru ya pili Gardner alipata kura 209 na Van Ostern 205. Mtu aliyehesabu kura za wengine kwa miaka 42 alisubiri zake zihesabiwe, akabaki kwa tofauti ya kura nne. Januari 2022 aliacha kazi kwa hiari, na naibu wake David Scanlan, mtu wa Republican, akashika nafasi. Hakukuwa na risasi wala kesi, na watu hawakuingia barabarani.

Sasa tugeuze macho kwetu. Sheria yetu inasema mjumbe wa CENI anatumikia miaka sita, bila kurudia. Kwa karatasi, sisi tumejilinda zaidi ya New Hampshire dhidi ya mtu kuota mizizi ofisini. Tumekuwa na Padre Apollinaire Malumalu, Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, Corneille Nangaa, na tangu Oktoba 2021 Denis Kadima. Wawili kati yao walikuwa watumishi wa madhabahu. Je, imani ya watu katika hesabu ya kura imeongezeka? Kila msomaji anajua jibu. Nangaa, aliyetangaza matokeo ya 2018, ndiye aliyeanzisha Alliance Fleuve Congo mnamo Desemba 2023, muungano ulioshikamana na M23. Kubadilisha mkuu peke yake hakukutupatia tulichotafuta.

Sisi wa mashariki tuna jeraha letu. Desemba 2018, Beni na Butembo, pamoja na Yumbi kule magharibi, ziliondolewa katika kura ya rais. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama kwa upande wetu. Zaidi ya wapiga kura milioni 1 walikosa nafasi. Wakaaji wa Beni walipanga mistari siku hiyohiyo wakapiga kura ya mfano, ili dunia ione kwamba wanaweza. Walipopiga kura ya wabunge tarehe 31 Machi 2019, rais alikuwa ameapishwa tangu 24 Januari. Mwaka 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. New Hampshire ilirudisha jimbo zima kwenye vituo kwa ajili ya ubishi wa kura mbili. Kwetu wilaya nzima huachwa nyuma, na hesabu inaendelea.

Tunajua mifano hii hailingani. New Hampshire ina watu wapatao milioni 1.4, barabara nzuri, na haina makundi yenye silaha. Lakini jambo moja halihitaji utajiri. Mashine zetu za kupigia kura hutoa karatasi, na karatasi hiyo huingia sandukuni. Kwa hiyo ushahidi upo. Kilichokosekana ni mlango wa kuufungua mbele ya watu. Januari 2019 Martin Fayulu aliomba Mahakama ya Katiba iagize kura zihesabiwe tena, na ombi likakataliwa, ingawa CENCO ilikuwa imesema matokeo hayalingani na yale waangalizi wake waliyokusanya. Kama karatasi zingefunguliwa hadharani, aliyeshinda kwa haki asingepoteza kitu, na aliyeshindwa angekosa neno la kusema.

Hili linagusa makanisa moja kwa moja, kwa sababu viongozi wa dini ndio wanaopendekeza mkuu wa CENI. Mwaka 2021 ECC na CENCO zilimpinga Kadima, na madhehebu mengine sita yakampitisha. Nguvu zetu nyingi ziliishia katika kubishana juu ya jina. Mwaka 2023 ECC na CENCO zilipeleka waangalizi pamoja, nao wakaeleza kasoro nyingi. CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine. Tunaona kazi hiyo ya uangalizi ina thamani kuliko ushindani wa kupata mtu wetu juu.

Katika parokia zetu, shemasi hahesabu sadaka peke yake chumbani. Wanakaa watu wawili au watatu, wanaandika, wanasaini, na Jumapili inayofuata kiasi kinasomwa mbele ya wote. Hatufanyi hivyo kwa kumshuku shemasi. Tunalinda jina lake na fedha ya Bwana kwa pamoja. Nabii Samweli naye, baada ya utumishi mrefu, alisimama mbele ya taifa akauliza kama yupo aliyemdhulumu. Mtumishi mwaminifu haogopi kukaguliwa.

Kwa hiyo, kabla ya uchaguzi ujao, tunaomba kila parokia ifanye mambo matatu. Iandae mapema vijana na akina mama watakaokaa katika ofisi za kupigia kura mpaka karatasi ya mwisho ihesabiwe, maana wengi wetu hurudi nyumbani mara tu tunapopiga kura. Ifundishe watu kunakili na kupiga picha karatasi ya matokeo inayobandikwa mlangoni, na kuitunza pamoja na jina la ofisi na saa. Na iwaombe wabunge wa eneo, wa chama chochote, watetee sheria itakayoruhusu kura zihesabiwe tena hadharani tofauti inapokuwa ndogo au ushahidi unapopingana.

Kwa ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru, na wote waliotawanywa katika kambi, ombi letu ni la nne: majina yao yaandikwe popote walipo, ili vita isiwafute mara ya pili.