Wachekeshaji wawili

Vijana wetu, munapenda filme za Eddie Murphy. Basi munajua ule aliyemufungulia njia? Richard Pryor, wa 1940, nkambo wake alimulea katika nyumba ya makahaba, ku Peoria. Masomo walimufukuza na miaka 14. Eddie, wa 1961, baba yake aliuawa yeye akingali mutoto. Mama akagonjwa, wakamuweka kwa watu wengine pamoja na ndugu yake.

Kwangu mimi, Pryor njo alikuwa fundi zaidi. Lakini kokaini ilimushika: mu 1980 alijichoma moto, karibu afe. Mwaka ule ule Eddie, miaka 19, aliingia ku televizio. Na yeye walimutolea kokaini, akakataa.

Mu 1989 Eddie alitengeneza filme Harlem Nights. Akamupa Pryor nafasi ya baba mwenye kumulea.