Ndege wa Dirishani na Riziki Isiyo Mikononi Mwetu



Wapenzi wasomaji, juma hili najibu hadharani, kwa idhini yake, suala aliloniuliza dada yangu mkubwa. Alihamia kwa mwanawe mjini Toronto, Kanada, baada ya kufiwa na mumewe. Majira ya baridi ya huko si kipupwe chetu cha Julai. Maji huganda, theluji hufunika ardhi, na mtu mzima mwenye magoti mabovu hana pa kwenda. Mpwa wangu alipoona mama yake ashinda kimya tangu asubuhi hadi magharibi, alimtundikia uani, mbele ya dirisha la jikoni, chombo cha kulishia ndege, akakijaza mbegu za alizeti.

Ndege wakaja. Alikuja kadinali, dume lake jekundu la kung'aa juu ya weupe wa theluji. Alikuja kigogota mdogo. Wakaja junko wa kijivu, washukao kutoka kaskazini zaidi, wakawa waokota chini mbegu zilizomwagika. Na kila siku alikuja chikadii, ndege mwenye utosi mweusi ambaye uzani wake haufiki gramu 15. Dada akajifunza kumpiga picha kwa simu: huzima taa ya jikoni, hukifuta kioo, huiegemeza simu juu yake ili mng'aro usiharibu picha, kisha husubiri. Chikadii hakai, huchukua mbegu moja akaruka nayo. Katika picha ishirini, kumi na tisa zilikuwa za chombo kitupu na tawi linalotikisika. Ile ya ishirini aliniletea, na katika sauti yake nikasikia kicheko kwa mara ya kwanza tangu atoke eda.

Mwezi wa Januari alilazwa hospitali siku kumi. Mwanawe alikuwa kando ya kitanda, na hakuna aliyekumbuka ndege. Aliporudi alikikuta chombo kitupu, kimefunikwa na theluji. Akanipigia simu akilia: "Ndugu yangu, nimewazoesha kisha nikawaacha. Je, nina dhambi ya kuwaua? Na zile picha nilizowapelekea watu, haikuwa riya?"

Suala la kwanza nilimjibu hivi. Katika miaka ya 1980, watafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako baridi ni kali vilevile, walimchunguza chikadii huyu huyu. Waliona kwamba baridi inapozidi ukali, chakula cha binadamu humsaidia kweli kuyavuka majira akiwa hai. Lakini waliona pia kuwa sehemu kubwa ya chakula chake huipata mwenyewe mitini, hata chombo kikiwa kimejaa. Na vyombo vilipoondolewa, ndege waliovizoea hawakufa kwa wingi kuliko wale wasiovijua kabisa. Chikadii huficha mbegu moja moja katika magome ya miti wakati wa neema, akakumbuka alikozificha. Usiku wa baridi hushusha joto la mwili wake ili nguvu aliyo nayo imfikishe alfajiri. Ni nani aliyemfundisha hayo kabla ya chombo cha dada yangu kutundikwa?

Mtume (s.a.w.) alipotaka kutufunza tawakkul ya kweli, alitupigia mfano wa ndege, atokaye asubuhi na njaa akarejea jioni ameshiba. Dada yangu alikuwa sababu, hakuwa Razzaq. Mbegu alizotoa ni sadaka yake, inshallah, na siku alizougua hana lawama.

Hata hivyo, uzembe una hukumu nyingine. Anayelisha amejitwisha amana. Mwaka 1994, katika maeneo ya jirani na jiji la Washington, chiriku walianza kuonekana wamevimba macho hata kushindwa kuona, na vyombo vya kulishia ni miongoni mwa mahali wanapoambukizana. Kwa hiyo chombo na kioshwe kila baada ya majuma mawili, kikaushwe barabara, na mbegu zilizoota ukungu zitupwe. Akionekana ndege mgonjwa, chombo kiondolewe kwa muda ili wengine watawanyike. Tena kioo cha dirisha huua, kwani ndege huona humo miti na mbingu. Chombo na kiwe karibu mno na dirisha, chini ya mita moja, ili ndege asipate kasi ya kujiumiza. Au kiwe mbali nalo kabisa.

Ama picha, jambo hurejea katika nia. Anayepiga ili asifiwe kwa ukarimu wake ameshalipwa sifa hizo. Anayepiga ili atafakari uumbaji, au awape wajukuu cha kuuliza, hana ubaya. Huko huko Ontario, mwaka 1976, ilianzishwa hesabu ya ndege wajao kwenye vyombo vya majumbani, na tangu 1987 imeenea Kanada na Marekani. Watu wa kawaida huhesabu wanaowaona madirishani, tangu Novemba hadi Aprili, wakapeleka hesabu kwa wataalamu. Picha ya mjane aliye jikoni inaweza kumsaidia kutambua ni ndege gani aliyemhesabu.

Mpwa wangu naye nilimwita kwenye simu. Nikamwambia: "Chombo ulichotundika ni chema, lakini mama yako hakutaka ndege peke yao." Akanyamaza, kisha akasema, "Nimefahamu, mjomba." Siku hizi, kila Jumapili asubuhi, yeye hukiosha chombo na wanawe huchota mbegu, kisha wote huketi dirishani pamoja na bibi yao wakihesabu. Juzi nimeletewa picha: chikadii ametoka nje ya fremu, na katika kioo zimeonekana sura tano zinazocheka. Hiyo nimeiweka.

Wabillahi tawfiq.