Chonge Hufuata Mawindo

Toleo hili ni la nyoka wenye sumu, na tumeamua kulifungua kwa jino lenyewe. Tumekua tukiambiwa kwamba nyoka ni adui wa binadamu, na ukimsikiliza aliyeponea chupuchupu utadhani sumu iliumbwa kwa ajili yetu. Msimamo wetu ni mwingine: chonge ya nyoka imeundwa na kile anachokila, na asiyejua anakula nini hataelewa kwa nini anatuuma.

Mtazame kifutu. Chonge zake hufikia sentimita moja na nusu, na za ndugu yake wa msituni, Bitis gabonica, anayepatikana Usambara, Uganda na Kongo, hufikia sentimita tano, ndefu kuliko za nyoka yeyote duniani. Jino la namna hiyo lisingeenea kinywani kama mfupa unaolibeba usingejikunja. Kinywa kikifungwa, chonge hulala chini ya kaakaa ndani ya ala ya ngozi laini. Nyoka akishambulia, husimama. Chakula kikuu cha kifutu ni panya, na panya ana nyama laini lakini naye anauma. Kwa hiyo kifutu humdunga kwa kina, humwachia papo hapo, kisha hunusa njia mpaka alipofia.

Anayenishangaza zaidi ni yule mdogo mweusi wa chini ya ardhi, wa jamii ya Atractaspis. Yeye huingia kwenye mashimo kutafuta vitoto vya panya, na humo hakuna nafasi ya kupanua kinywa. Chonge yake hutokeza ubavuni mwa mdomo uliofumbwa, upande mmoja kwa wakati, naye huchoma kwa kurudisha kichwa nyuma. Ndiyo maana hata mzoefu akimshika nyuma ya kichwa, kama wanavyoshikwa nyoka wengine, huchomwa kidole.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walilinganisha maumbo ya chonge za spishi nyingi. Wanaokula wanyama wenye ngozi laini wana chonge nyembamba na kali. Wanaokula wenye magamba magumu wana chonge nene, butu kidogo, zisizovunjika upesi. Na mawindo yasipopigana, silaha hupungua: Emydocephalus annulatus, nyoka wa baharini wa huko huko Australia, hula mayai ya samaki, na chonge zake ni vijino tu, sumu yake imefifia.

Swila atemaye anatupa mtihani. Tundu la chonge yake limeelekea mbele ili sumu iruke hadi machoni, na hiyo ni kinga, si uwindaji. Wapo wanasayansi wanaopendekeza kwamba mababu zetu waliotembea kwa miguu miwili huenda walichangia kuzuka kwa tabia hiyo. Tunalikubali hilo kama hoja nzito. Lakini hata yeye, akitafuta chakula, huuma kama swila wengine.

Kifutu, basi, hatufuati sisi. Anamfuata panya, na panya anafuata mahindi yetu. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliweka kudhurika kwa sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, linakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Kuzuia panya wasiingie ghalani na kufyeka vichaka karibu na nyumba kuna faida kuliko kuua kila nyoka anayepita.

Na mtu akiumwa, kumbukeni urefu wa jino lile. Sumu imeshashuka ndani ya nyama: wembe hauifikii, mdomo hauinyonyi, jiwe la nyoka haliivuti. Msimchanje wala msimfunge kamba. Mtulizeni, mvueni pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na mpelekeni haraka hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka.